Kujitolea kwenye mjengo wa nyumba za bei nafuu Mombasa: mwongozo kamili kwa asiyewahi kushika karai

Kama wataka kujitolea kwenye mjengo, kitu cha kwanza uelewe ni kwamba pale saiti wewe si fundi na hakuna anayekutarajia uwe fundi. Kazi yako ni kumfanya fundi asisimame. Fundi akigeuka atake udongo wa simiti uwe ushafika, akitaka tofali liwe lishaloweshwa, akitaka maji mtungi uwe umejaa. Ukiweza hayo tu, ukuta utapanda na familia itaingia ndani mapema. Ukienda na fikira za kupanga tofali tatu upigwe picha kisha ukae kivulini, utamuongezea fundi kazi ya kubomoa ulichopanga, na walahi atabomoa, saa nyingine hata kabla hujafika stejini.

Haya, twende moja moja.

Hatua ya 1: jua ni mjengo gani unaotaka watu wa kujitolea

Nyumba za bei nafuu za serikali, zile za kuombwa kwenye mtandao wa Boma Yangu, huko usijisumbue kwenda na gambuti zako. Zile zajengwa na makontrakta, wana wafanyakazi wao wa kulipwa, na mchango wako washauchukua kwenye payslip, ile asilimia 1.5 ya sheria ya 2024 na mwajiri wako naye aongeza 1.5 yake. Huko wewe ni wa kuomba nyumba.

Wanaotaka mikono ni wengine. Kuna mashirika ya makazi kama Habitat for Humanity, ambalo lilianzia Marekani mwaka 1976 na Kenya likaingia 1982, mfumo wao ni kwamba familia itakayokaa pale nayo yafanya kazi kwenye mjengo na wageni wanasaidia. Kuna vyama vya ushirika wa nyumba na vikundi vya akiba vya mitaani, watu wamejichanga miaka wakanunua kiwanja pamoja na sasa wajenga moja moja. Kuna makanisa na misikiti, hasa baada ya moto, manake mwajua mitaa yetu ya makuti na mbao, jiko moja likianguka usiku safu nzima yaondoka. Na kuna ile ya kawaida kabisa ambayo haina fomu wala tisheti, jirani mjane nyumba imemuangukia na mtaa waamua Jumamosi kila mtu aje.

Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu hamna msimamizi. Kwa hivyo mengi ya hapa chini nayaandika nikiifikiria hiyo.

Hatua ya 2: uliza kuhusu ardhi kabla hujauliza kuhusu chakula

Hapa Mombasa kuna kitu watu wa bara huwa kinawapiga chenga: mtu aweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi iliyo chini yake. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwenye shamba, kila mwezi wamlipa kodi ya ardhi na siku akiamua kuuza, wewe na kuta zako mtajua pa kwenda. Hili jambo lina mizizi mirefu, tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 wakati wa mkoloni, ardhi ya pwani ikasajiliwa kwa majina ya watu wachache na wengi waliokuwa wakikaa pale wakabaki nje ya daftari. Ndiyo maana utaona nyumba nyingi za mitaa hiyo ni za miti na udongo au mabati, mwenye ardhi hataki ujenge ya kudumu. Likoni pale shamba la Waitiki, ekari 930, watu wamekaa miaka na miaka kwa wasiwasi mpaka hati zikaanza kutolewa Januari 2016.

Sasa wewe unayejitolea yakuhusu nini? Yakuhusu sana. Kuna kikundi kimoja, sikitaji, walichimba msingi wa nyumba kama nne hivi, vijana wa kujitolea wametoka jasho wiki mbili, halafu akaja mtu na karatasi za korti na msingi ukafukiwa na wale vijana hawakuwahi kujitolea tena kokote. Kwa hivyo uliza, kwa adabu lakini uliza:

Ardhi hii ni ya nani, na hati au makubaliano yameandikwa? Mzee wa mtaa na chifu wanajua?

Ramani imeidhinishwa na kaunti? Mjengo umesajiliwa na NCA, ile mamlaka ya kitaifa ya ujenzi? Saiti iliyosajiliwa huwa na ubao pale mbele wenye majina ya kontrakta na wataalamu, sasa ukifika saiti ya ghorofa haina ubao hata mmoja, rudi nyumbani. Nasema kwa uzito, majengo ya Kenya yameanguka na watu ndani yake.

Nyumba atakaa nani, na amechaguliwa vipi? Kama hakuna anayeweza kukujibu moja kwa moja, pengine unamjengea mtu nyumba ya kupangisha bure.

Na la nne, ambalo watu huona haya kuuliza: hapa kuna vibarua wa kulipwa? Mitaa yetu imejaa vijana wanaoamka alfajiri kutafuta kazi ya mjengo, mtu akipata siku moja watoto wamekula. Wewe ukija bure ukachimba mtaro ambao kijana wa pale angelipwa kuuchimba, hujasaidia mtaa huo, umemnyang'anya mtu kibarua. Saiti nzuri huwa na mpango, mafundi na vibarua wachache wa mtaani walipwa, wageni wafanya zile kazi ambazo bajeti haikuzifikia. Ukisikia wamefukuza vibarua ili waweke watu wa kujitolea, mimi singeenda.

Hatua ya 3: kujiandikisha

Fomu zenyewe ni rahisi, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu ya mtu wako wa karibu, ugonjwa ulio nao kama pumu au kifafa au sukari. Usifiche ugonjwa. Hakuna atakayekufukuza kwa sababu ya pumu, watakuweka mbali na kukata matofali ya korali tu, ule unga wake mweupe hauchezi na kifua.

Chini ya miaka 18 mjengo si pahala pake, aje kupeleka maji na kupaka chokaa siku ya mwisho, basi.

Bima sasa. Ile sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 imeandikwa kwa mfanyakazi aliye na mwajiri, wewe wa kujitolea usidhani imekufunika. Uliza kama shirika limekata bima ya ajali kwa watu wa kujitolea. Kama ni mjengo wa mtaa na hamna bima, angalau mjue kabla ya kazi kuanza ni gari la nani litampeleka mtu hospitali na ni nani atalipa, si mtu yuko chini avuja damu ndiyo watu waanza kuchangishana.

Na upitie zahanati udungwe sindano ya pepopunda kama miaka 10 imepita tangu uidungwe mara ya mwisho. Misumari iliyooza kutu iko kila pahali pale.

Hatua ya 4: nguo na vitu vya kubeba

Gambuti au viatu vizito vya soli ngumu, ikiwa vina chuma mbele ni bora. Ndara hapana, hata kama fundi mwenyewe yuko na ndara, yeye miguu yake ishazoea. Suruali ndefu nzito, shati la mikono mirefu la pamba hata kama jua lawaka, tena hasa kwa sababu jua lawaka. Helmeti saiti yafaa wakupe. Glavu mbili tofauti: za ngozi au kitambaa kizito za kubebea matofali, na za raba za kushikia simiti mbichi. Simiti mbichi yachoma kama magadi, si papo hapo, utaiona jioni vidole vimetoboka toboka na usiku hulali.

Kwa dada zetu na mama zetu: buibui na dera pana havifai karibu na mashine ya kuchanganya zege, kitambaa kikishikwa na mashine ile chavuta mtu. Vaa suruali na kanzu fupi ya kubana kidogo, hijabu ichomekwe ndani ya shati isining'inie. Wanawake wapo wengi kwenye hii mijengo ya vikundi na wafanya kazi vizuri sana, tatizo ni choo. Uliza mapema kama kuna choo au jirani atakayewafungulia. Saiti nyingi hili hawalifikirii kabisa mpaka mtu aombe ruhusa ya kwenda nyumbani.

Beba maji yako, angalau lita 3. Kofia. Kitambaa cha jasho. Simu iache kwenye mfuko wa plastiki.

Hatua ya 5: kufika

Kazi yaanza saa moja asubuhi, si saa tatu. Mpaka saa tano jua la Mombasa lishakuwa adui na mambo mazito yote yafaa yawe yamekwisha. Mijengo mingi ya aina hii iko nje ya kisiwa, Likoni na Mtongwe, Kisauni ndani ndani huko Mwakirunge, Miritini, Mikindani, kwa hivyo piga hesabu ya matatu na boda. Ukiwa watoka kisiwani kwenda Likoni, wa miguu feri halipi lakini foleni na msongamano vyaweza kukuchelewesha, toka nyumbani mapema, na kama una sepetu au mtaimbo ushike wima usije ukamtoboa mtu.

Misimu nayo: Aprili na Mei mvua za masika zaja, mitaro yajaa maji, kazi ya msingi inakwama, usishangae wakikwambia subiri. Januari mpaka Machi ni joto la kaskazi, kazi yaenda lakini simiti yakauka haraka kuliko inavyotakiwa na watu nao wazimia. Julai na Agosti kusi yavuma, hali ya hewa nzuri, ndiyo miezi mizuri ya ukuta, ila mabati yataka uangalifu na upepo ule.

Ramadhani mijengo mingi huanza alfajiri na kumaliza kabla adhuhuri. Kama wewe hujafunga, chakula na maji yako kula pembeni, wenzako wamebeba makarai na koo kavu. Na Ijumaa mchana saiti inasimama watu waende kuswali, usipange kumwaga zege Ijumaa saa sita.

Hatua ya 6: asubuhi ya kwanza

Salamu kwanza. Wasalimie wazee, msalimie fundi mkuu na umwite fundi, usimwite kwa jina hata kama ni kijana mdogo kwako. Mama mwenye nyumba msalimie pia, yule ndiye mwenyeji wako, wewe hukuja kwa shirika, umekuja kwake.

Halafu mwambie fundi ukweli: sijawahi, nifundishe. Mafundi wa hapa kwetu wapenda sana kufundisha mtu anayeuliza, na hawapendi hata kidogo mtu anayejifanya. Muulize leo kazi ni gani, wewe msaidizi wa nani, na vifaa viko wapi. Shikana na fundi mmoja siku nzima. Ukiwa wasikiliza mafundi wawili utapewa maagizo mawili na utalaumiwa na wote.

Hatua ya 7: kazi zenyewe

Hapa nitakaa kidogo.

*Kupima msingi.* Utashika kamba na vigingi. Kona ya mraba yapatikana kwa tatu, nne, tano: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ile kamba ya mshazari ikisoma mita 5 kamili basi kona iko sawa. Ukishika ncha ya kamba usiisogeze hata kidogo, kosa la sentimita mbili hapa litafika kwenye mabati na watu watakuja kulitafuta huko juu.

*Kuchimba.* Sururu na sepetu. Mchanga uliochimbwa usiurundike ukingoni mwa mtaro, utarudi ndani au utaangusha ukingo. Sehemu za Kisauni na Bamburi udongo ni mchanga mtupu, mtaro wa kufika kifuani waweza kujifunga na mtu yuko ndani, kwa hivyo usiingie kwenye shimo refu ambalo halijazuiliwa na mbao. Kwengine utakutana na mwamba wa korali, hapo ni mtaimbo na subira.

*Mchanga na maji.* Hili la Mombasa hasa na mtu wa kujitolea mwenye akili aweza kuokoa nyumba nzima hapa. Mchanga wa ufuoni usitumike kujengea, una chumvi, na chumvi inakula vyuma ndani ya zege kimyakimya, miaka michache lenta, zile boriti za zege juu ya milango na madirisha, zapasuka na vipande vyaanguka. Maji ya visima vingi vya hapa pia ni ya chumvi. Onja kwa ncha ya ulimi, kama ni ya chumvi usiyatie kwenye zege lenye vyuma, nunua ya mkokoteni au boza hata kama ni gharama. Mchanga nao chukua kidogo kwenye kiganja, ulowanishe uusugue, ukiumwaga na kiganja kikabaki na tope zito ujue ni mchafu, simiti haitashika. Mwambie fundi, polepole, si mbele za watu.

*Kuchanganya zege.* Kipimo cha kawaida cha zege la lenta na nguzo ndogo ni 1:2:4, simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Shida ni watu hupima kwa sepetu, na sepetu moja ya asubuhi si sepetu ya saa nane mtu amechoka. Tengenezeni boksi la mbao la sentimita 33 kila upande, hilo labeba karibu lita 35 ambazo ndizo mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko mmoja, boksi mbili za mchanga, nne za kokoto, umemaliza. Changanya kavu kwanza mpaka rangi iwe moja, geuza mara mbili tatu, ndipo utie maji, mtungi mmoja wa lita 20 na robo yake hivi, ukipunguza kama mchanga ulikuwa umenyeshewa. Kila mtu huja na ushauri wa "ongeza maji lilainike", na ni kweli lalainika, na nguvu zake zapungua. Maji mengi ndiyo ugonjwa mkubwa wa mijengo ya kujitolea kwa sababu zege jepesi ni rahisi kubeba.

Udongo wa simiti wa kujengea changanya kidogo kidogo, kile kinachoweza kuisha ndani ya saa moja. Ukianza kuganda usiufufue kwa maji. Utupe. Najua yauma.

*Kupitisha makarai.* Hii ndiyo kazi utakayoifanya zaidi. Watu wasimama mstari, hatua moja kati yao, karai lapita mkono kwa mkono mpaka juu. Geuka na miguu, usipinde kiuno ukiwa umebeba, na unapoinua kutoka chini piga magoti mgongo uwe wima. Karai nusu ni karai, hakuna mashindano. Usimrushie mtu ambaye hajakutazama. Mtu akianza kuimba itikia, si mapambo, ule mdundo ndio unaowafanya watu wote wanyanyue na kupokea kwa wakati mmoja, nyimbo ikikatika utaona makarai yaanza kugongana.

*Matofali.* Ya korali ni yale ya kukatwa machimboni Kilifi na Kwale, yananyonya maji sana, ukilipanga kavu lavuta maji yote ya simiti na kiungo kinabaki unga. Kwa hivyo mtu mmoja kazi yake ni kulowesha. Kama mwajenga na ya intaloki, yale ya udongo na simiti kidogo yanayokandamizwa na mashine, kazi kubwa ni kuyafunika na kuyamwagilia wiki nzima yakiwa kivulini kabla ya kujengea.

Fundi ndiye ajenga kona. Wewe ukishaaminiwa utajaza katikati, ukifuata uzi. Tandaza udongo unene wa kidole, weka tofali, ligonge kwa mpini wa mwiko mpaka lifikie uzi bila kuusukuma uzi wenyewe, manake uzi ukiusukuma wote mnaofuata mnapinda. Viungo visifuatane wima. Kila kozi, yaani kila safu ya matofali, ikaguliwe kwa timazi na pima maji. Na ukuta usipande zaidi ya mita moja na nusu kwa siku, hata kama watu wana nguvu na wageni wataka kuona matokeo.

*Vyuma na biskuti.* Kukata na kufunga vyuma ni kazi ya fundi, lakini kutengeneza biskuti yaweza kufanywa na mtu yeyote akiwa ameketi, hata mzee. Biskuti ni vibonge vidogo vya simiti vyenye waya umechomoza juu, vyafungwa kwenye chuma ili chuma kisiguse ubao wa fomu, zile mbao zinazoshikilia zege bichi, na zege lipite chini yake. Watandaza udongo wa simiti kwenye mchanga laini, unene fundi atakwambia, kama sentimita 3 hivi, wakata vipande kwa mwiko, wachomeka waya kila kipande, waacha vikomae. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, ule unene mdogo wa zege unaofunika chuma ndio ulinzi chuma kilio nao. Nimeona saiti watu wameweka vijiwe vya kokoto badala ya biskuti, vyateleza, chuma chalala juu ya ubao, na ukitoa fomu wakiona kinakutazama.

*Kumwagilia.* Zege na kuta vyataka unyevu siku 7 angalau, asubuhi na jioni, na kufunikwa na magunia yaliyolowa. Jumamosi ya kumwaga zege huja watu hamsini, Jumapili jioni ya kumwagilia hakuna mtu. Kama wewe wakaa karibu na huna nguvu za makarai, chukua hii. Andika majina ya zamu kwenye grupu ya WhatsApp, kila siku mtu mmoja, picha ya gunia lililolowa kama ushahidi. Sioni kazi nyengine ya kujitolea inayolipa zaidi kwa nyumba kuliko hii.

*Juu ya paa.* Usipande. Kenchi na mabati waachie waliozoea, wewe kaa chini upeane, na kaa mbali na pale bati linapoweza kuanguka. Bati jipya lakata kama wembe, lishikwe na watu wawili wenye glavu, na upepo ukizidi mteremke wote.

*Lipu na rangi.* Lipu mgeni aweza kurusha lakini kusawazisha ni mkono wa fundi. Rangi msiharakishe, lipu ikae wiki nne hivi ikauke, vinginevyo kwa unyevu wa hapa rangi yatoka malengelenge. Familia nyingi zamalizia na chokaa, bei yake rahisi na ukuta wapumua. Chokaa nayo machoni ni hatari, vaa miwani.

Hatua ya 8: mtu akiumia au akizidiwa na jua

Simiti au chokaa ikiingia jichoni: maji safi, mengi, yakitiririka dakika 20 bila kusugua, halafu hospitali hata kama amesema anaona vizuri. Msumari mguuni: osha, funga, zahanati siku hiyo hiyo. Mtu akiacha kutoa jasho, aongea ovyo, ngozi yawaka, huyo si mchovu, ni joto limempanda, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na mpige simu. Msalaba Mwekundu ni 1199, dharura za kawaida 999 au 112. Majeraha makubwa mengi huishia hospitali ya Coast General, kwa hivyo mjue njia ya kutoka saiti kabla, magari ya saiti za ndani hukwama kwenye mchanga.

Ya kuzuia: kila nusu saa maji. Pikeni ndoo ya maji ya sukari na chumvi, kwa kila lita 1 vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, kamulia ndimu ipate ladha. Madafu pia ni mazuri kama kuna mkarimu.

Mbao zilizotolewa fomu, misumari yake ing'olewe au ipindwe palepale. Nusu ya majeraha niyaonayo ni hiyo tu.

Hatua ya 9: chakula, picha, na mwisho wa siku

Saa nne chai, mahamri na mbaazi au viazi karai. Mchana wali maharagwe. Mkubaliane nani analipa, na tafadhalini isiwe ni ile familia mnayoijengea, nimeona mama akopa dukani alishe wageni thelathini waliokuja kumsaidia. Changeni kidogo kidogo mumpe anayepika.

Picha, piga kazi na piga marafiki zako. Familia uliza kwanza, na watoto uliza mzazi. Kile kibanda chao cha zamani usikipige ukakiweka mtandaoni na maandishi ya huruma, wale ni majirani zako na simu wanazo.

Saa kumi kazi yaisha, na hapo ndipo watu huponyoka. Makarai, miko na sepetu zioshwe kabla simiti haijaganda, karai lililogandiwa kesho ni zito mara mbili. Hesabuni vifaa mbele ya mwenye stoo, kimoja kimoja, ili kesho asisingiziwe mtu wa mtaani. Mifuko ya simiti iliyobaki ipandishwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, unyevu wa hapa huigeuza jiwe.

Hatua ya 10: kama wataka iwe zaidi ya Jumamosi moja

Vijana wengi walioanza kwa kujitolea sasa ni mafundi, na kama hiyo ndiyo nia yako fanya kwa mpango. Weka daftari: tarehe, saiti, kazi uliyofanya, jina la fundi aliyekusimamia. Muombe fundi mkuu au shirika barua inayosema kazi hasa, "amechanganya zege, amejenga ukuta chini ya usimamizi", si ile ya "ni kijana mwenye bidii" ambayo haimsaidii mtu. Hiyo barua na ujuzi wenyewe vyaweza kukufikisha kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya tatu, na baada ya hapo kujisajili NCA kama mfanyakazi wa ujenzi anayetambulika. Iombe kabla mjengo haujaisha, manake paa likishawekwa mafundi hutawanyika na kumpata mtu kwenye simu ni kazi.